Ghala Lilijengwa na Nani?

Jumamosi, 18 Septemba 2004

Leo nimepewa kazi na mtu nisiyeruhusiwa kumwona.

Tulitoka Kitale asubuhi, mimi na mke wangu Dinah na mtoto wetu Nekesa, tukafika kwao Lugulu kabla jua halijawa kali. Kama kawaida nilikalishwa uani upande wa migomba, uso wangu ukielekezwa kwa ng'ombe, na mamake Dinah akabaki jikoni. Katika ukoo wao, kama kwetu, mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso, hawapeani mikono wala hawatajani majina. Tukikutana njiani kwa bahati mbaya, mmoja wetu huingia kwenye mahindi. Mwaka jana niliingia mimi, kumbe palikuwa na mtaro ndani, nikatoka huko na kiatu kimoja. Nimemwoa binti yake miaka yote hii na huyu mama namjua kwa sauti, kwa kikohozi na kwa utamu wa kuku wake.

Tunazungumza kupitia ukuta wa jikoni, na Dinah ndiye daraja, ingawa kila mtu anasikia kila kitu.

"Dinah, ambia mwalimu kuna watu wa Kitale wanapeana mashine ya kupukuchua mahindi."

"Amesikia, Mama."

"Ambia yeye wanataka tuandike kwa Kizungu vile hii maghala yetu ilijengwa."

"Amesikia."

"Sasa anasema aje?"

Nikamwambia ng'ombe kwamba nitaandika.

Maghala yenyewe ni ya kujivunia. Panya walikuwa wakiwamalizia mahindi hadi ikifika Aprili wanawake wa kikundi cha Mama wananunua unga madukani kama watu wa mjini. Ndipo Mama akabuni ghala la juu ya nguzo, na kila nguzo akaivisha kola ya bati aliyoikata kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia. Panya anapanda, anafika kwenye bati, anateleza, anarudi kwao akiwa na njaa. Sasa kila mwanamke wa kikundi chao analo ghala kama hilo, na mahindi yanafika hadi Julai. Shida iliyobaki ni kupukuchua. Wanayatia mahindi kwenye magunia na kuyapiga kwa rungu kutwa nzima, na jioni hawawezi kushika mwiko kwa malengelenge. Mashine hiyo wanaihitaji kweli.

Nami ni mwalimu wa Kiingereza. Nilirudi Kitale nikijiona nimeitwa na taifa.

Jumatatu, 20 Septemba

Kidato cha Pili, kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa. Nimewafundisha kwamba tunatumia kutendwa pale ambapo mtendaji hajulikani au si muhimu kumtaja. Chesang, yule msichana wa dawati la mbele, akainua mkono: "Mwalimu, na kama anajulikana lakini ni mkubwa, unaogopa?" Darasa likacheka. Nikamwambia akae chini, swali zuri, tutalirudia.

Jumatano, 22 Septemba

Nimemaliza insha. Ukurasa na nusu, na sijasita kujisifu: ni Kiingereza cha kupiga pasi. Ugumu ulikuwa mmoja. Aliyefanya kila kitu ni mama mkwe, na jina lake siwezi kulitaja wala kuliandika. Hata humu siliandiki. Basi nikashika kauli ya kutendwa na ikanibeba salama toka mwanzo hadi mwisho. Tatizo la panya lilitambuliwa. Nguzo zilisimamishwa. Mikebe ilikatwa. Maghala yalijengwa. Hakuna aliyetajwa, hakuna aliyevunjiwa heshima, na isitoshe inasikika kama kazi ya profesa.

Nilimsomea Dinah wakati anasonga ugali. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Levi, hii barua haina watu bana."

"Ni mtindo rasmi."

"Ni kama ripoti ya polisi. Yaani mtu akisoma atadhani tulilala, tukaamka tukapata maghala yamesimama."

Nikamweleza kwamba yeye ni mwalimu wa chekechea na haya ni mambo ya sekondari. Nimekula ugali baridi.

Jumapili, 26 Septemba

Baba mdogo wa Dinah, Mzee Wabwile, amekuja hadi Kitale kuisoma insha. Yeye ni mlezi wa kikundi, maana yake hufungua mikutano kwa maombi na kuifunga kwa kula. Ameipenda mno. "Mwarimu, hii ni Kizungu ya Rondon!" Amenipigapiga mgongoni, akatia sahihi chini kabisa na kugonga muhuri wake wa mlezi. Hilo ndilo jina pekee katika karatasi nzima. Sioni kuwa ni jambo kubwa.

Ijumaa, 1 Oktoba

Mvua. Mahindi ya shule yamelala chini upande wa uwanja wa mpira.

Ijumaa, 8 Oktoba

Nimepeleka insha kwenye ofisi ya shirika linalotoa mashine, pale nyuma ya msikiti. Anayepokea ni Madam Fadumo, mzaliwa wa Kitale, miwani yake imening'inia kwenye kamba na sauti yake inatosha uwanja wa mpira. Alipitisha macho. "Kiingereza safi, Mwalimu." Kisha akaongeza, "Safi hata kinateleza." Nilitoka nikifurahi. Nilipofika kwa fundi wa viatu ndipo nikaanza kujiuliza alimaanisha nini.

Alhamisi, 21 Oktoba

Tumeingia! Vikundi vitatu vimebaki, chetu kimo! Kamati itakuja Lugulu tarehe thelathini kuona maghala. Nilimpigia Dinah simu shuleni kwake, akapiga kigelegele darasani, na watoto wa chekechea wakakiendeleza hadi kengele ya saa nne. Mvua pia imekatika. Leo nawapenda watu wote, hata mkuu wa shule.

Jumamosi, 30 Oktoba

Naandika nikiwa na hasira, na ninayemkasirikia amevaa viatu vyangu.

Kamati ilifika na Madam Fadumo mbele, akiwa amefunga saumu na bado ana nguvu kuliko sisi tuliokunywa chai. Wanawake walikuwa wamefagia boma hata vumbi likakosa pa kukaa. Mimi nilikwenda kama mkalimani wa wale wa kamati wasiojua Kiswahili. Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza, kwa sababu mimi nikiwa uani, mama mkwe hawezi kutoka jikoni. Mtu aliyebuni kila kitu walichokuja kukiona alikuwa nyuma ya ukuta, akigeuza chapati.

Fadumo akauliza, "Nani alianza hii kazi?"

Wanawake wakatazamana. Phelista, jirani na rafiki mkubwa wa Mama, alifungua kinywa, lakini Mzee Wabwile alikuwa amekwisha kusimama, suti ya kahawia, kofia mkononi. Mzee akisimama hapa, mwanamke hamkati kauli mbele ya wageni. Akasema wazo lilimjia, kazi ilisimamiwa, na ujenzi ulikamilishwa. Maneno yangu! Alikuwa ameikariri insha yangu, na kwa kuwa haikuwa na mtu ndani, aliingia akakaa.

"Na hizi bati kwa nguzo ni za nini, Mzee?"

Mzee Wabwile akaiangalia ile kola ya bati kwa muda. Sidhani aliwahi kuifikiria.

"Hiyo ni ya radi," akasema. "Radi ikipiga, inashika hapa, inateremka."

Kutoka jikoni kikasikika kishindo cha sufuria. Phelista alikohoa mpaka akapewa maji. Fadumo aliandika, hakucheka, akauliza mashine ikija itawekwa wapi. Mzee akajibu upesi kwamba itafungwa kwake, kando ya kinu chake cha kusagia, "kwa usalama." Nilitafsiri neno kwa neno. Sikuongeza la kwangu hata moja, na nilikuwa nayo mengi.

Wageni walipoondoka, Dinah alipita mbele yangu na birika, akanitazama. "Insha iliandikwa," akasema. "Mama aliibiwa. Sijui na nani."

Jumapili, 31 Oktoba

Chai imepikwa. Imewekwa mezani. Nimesalimiwa na Nekesa pekee.

Jumatano, 3 Novemba

Madam Fadumo aliniita ofisini baada ya vipindi. Nilidhani ni habari ya kushindwa. Insha yangu ilikuwa mbele yake, imechorwa kwa kalamu nyekundu kama daftari la Kidato cha Kwanza. Chini ya kila kitenzi aliandika neno lile lile: nani? Nani? Nani?

"Mwalimu, kamati inataka kumpa Mzee Wabwile hiyo mashine. Jina lake ndilo liko kwa karatasi."

Nikaanza na habari ya mtindo rasmi, akainua kalamu.

"Lakini mimi nimezaliwa hapa," akaendelea. "Hii karatasi inasema bati ni ya panya. Mzee anasema ni ya radi. Kwa hivyo aliyejenga si yeye, na wewe unajua ni nani. Si useme?"

Nikamwambia yote: ukuta, ng'ombe, mtaro, jina lisilotajwa. Nilitegemea atanihurumia. Alicheka mpaka akashika meza, akaniomba msamaha, akacheka tena.

"Wallahi, hata sisi tuna heshima yetu kwa wakwe, siwezi kukucheka sana. Lakini heshima si utumwa, Mwalimu. Umemheshimu mama wa watu mpaka ukamfuta."

Miaka yote nawafokea wanafunzi wanaoandika "glasi ilivunjika" wakati wao ndio walioivunja, na mimi nimefanya lile lile kwa tai shingoni. Ni aibu tupu.

Amenipa hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Insha mpya, na kila sentensi iwe na mtu.

Jumamosi, 6 Novemba

Siku kama hii ndiyo naishi kwa ajili yake.

Nilifika Lugulu nikakaa kwenye kiti changu cha ng'ombe na kueleza kila kitu kwa sauti kubwa, hata lile la kamati kumpendelea Mzee Wabwile. Dinah alikuwa amekwenda kumkimbiza Nekesa aliyekuwa anakimbiza bata, kwa hivyo hapakuwa na daraja. Nilingoja. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nioe, sauti ikanijia mimi moja kwa moja.

"Mwalimu."

Nilisimama bila kujua kwa nini. "Naam, Mama."

"Huwezi kutaja mimi."

"Siwezi, Mama."

"Basi mimi nitajitaja. Si Kizungu iko na 'mimi'?"

Nikamwambia liko, ni herufi moja tu, 'I', na huandikwa kubwa hata likiwa katikati ya sentensi.

"Hata katikati?" Akacheka. "Hawa watu wanajipenda bana. Haya, andika hiyo."

Nikaandika. Alisema kwa Kiswahili, mara nyingine Kibukusu, nami nikageuza. Mimi niliona panya anashindwa kupanda mkebe uliosimama jikoni kwangu. Mimi nilikata mikebe kwa kisu cha mboga, nikajikata, nikaendelea. Mimi nilijenga ghala la kwanza likaanguka, watu wakanicheka, nikajenga la pili. Mwanamume mzima mwenye ndevu niliketi pale nikiandika jinsi nilivyokuwa na mimba ya mwisho wakati wa kuezeka. Nilimuuliza kama hilo ni lazima. Akasema ni lazima, alipanda ngazi na tumbo.

Nilitazamia atamfuta Mzee Wabwile kama yeye alivyofutwa. Hapana. Alinisimamisha kila mara nilipomsahau mtu. "Phelista alichimba mashimo, andika. Jepkosgei alileta nguzo na punda wake, andika. Na Wabwile alishika ngazi."

"Mama, huyo pia?"

"Si alishika? Siku mbili. Kama hangeshika ningeanguka na tumbo. Andika vizuri."

Kwa mara ya kwanza niliiona ile insha imejaa watu, wanaitana, wanabeba nguzo, wanacheka ghala lililoanguka. Ikabaki jina la chini. Dinah alirudi na bata kwapani, akachukua kalamu, akaliandika yeye, nami nikamkazia ng'ombe macho mpaka ng'ombe akaona haya.

Jumatatu, 8 Novemba

Nimemwomba Chesang arudie swali lake la Septemba. Kama anajulikana lakini ni mkubwa? Nimewaambia: basi mtafute njia ya kumfanya ajitaje, na mumwandike. Hawakuelewa, lakini wameandika.

Ijumaa, 12 Novemba

Insha imepokelewa. Ngoja: Madam Fadumo ameipokea.

Jumapili, 14 Novemba

Idd. Madam Fadumo ametutumia sambusa sinia zima. Nekesa amekula, Dinah amekula, mimi nimekula zaidi ya wote wawili.

Jumamosi, 27 Novemba

Tumevuna Lugulu. Jua zuri, mahindi makavu yanalia mkononi. Mzee Wabwile amesikia kuna insha mpya na anatembea kwa huzuni. Alinikuta shambani: "Mwarimu, umenitoa?" Nikamwambia yumo. Akauliza yumo wapi. Nikamwambia kwenye ngazi. Hakujua afurahi au alie, akanisaidia kubeba gunia.

Jumamosi, 4 Desemba

Naandika kabla sijavua tai.

Ukumbi wa Kitale ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Wanawake wa Lugulu walikaa mstari wa mbele kushoto. Mama mkwe alikuwa miongoni mwao, nami nilijua ni yupi kwa sababu alikuwa amefungua mwavuli humo humo ndani. Mwavuli mweusi, mkubwa, ameuelekeza upande wangu. Waliokaa nyuma yake walilalamika, Phelista akawageukia, wakanyamaza. Mimi nilikaa kulia kabisa nikitazama dari, naujua sasa kila ubao wake.

Madam Fadumo akatangaza kwamba kamati imechagua, na kabla ya kumtaja mshindi, insha iliyoshinda itasomwa kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe. "Mwalimu Levi, kuja utusomee."

Nilikwenda. Miguu ilikwenda, mimi nikafuata. Nikaanza: "Mimi ni mama wa watoto saba."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mwanamume mmoja akapaza sauti, "Pole kwa uzazi!" Nami nikacheka, lakini nikasoma. Mimi niliona panya. Mimi nilikata mikebe. Kadiri nilivyosoma kicheko kikapungua, na kufikia ghala lililoanguka palikuwa na wanawake wanaitikia "ndiyo" kama kanisani. Nilipofika kwa Jepkosgei na punda wake, akasimama akapunga mkono. Nikasoma, "Wabwile alishika ngazi." Ndipo Mzee akasimama katika suti yake ya kahawia, akavua kofia: "Ni kweri! Mimi nirishika! Siku mbiri!" Walimpigia makofi mengi kuliko niliyowahi kupigiwa mimi, na uso wake ukanawiri.

Likabaki neno la mwisho. "Mimi," nikasoma, "ninaitwa..." Nikanyamaza.

Jina lilikuwepo, katika mwandiko wa Dinah, wazi kabisa. Ulimi ulikataa. Ningeweza kulisoma, nani angeniua? Lakini sikutaka kumpa heshima kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine. Watu wakaanza kunong'ona. Mtu wa kamati akatazama saa. Madam Fadumo alijua, akakunja mikono, akangoja, na nikamshukuru Mungu kwa ajili ya mwanamke huyo.

Kisha nikasikia mwavuli unafungwa.

Sikuangalia. Nilitazama dari. Lakini ile sauti ya jikoni, ninayoijua kuliko sauti ya mamangu, ilijaza ukumbi wa Kitale bila kipaza sauti. Akataja jina lake la ubatizo, jina lake la nyumbani, jina la babake na la mumewe marehemu. "Ni mimi nilijenga," akasema. "Na hawa. Na mashine itakaa katikati ya kijiji, pale kwa njia panda, kila mtu afike."

Vigelegele! Sijui vilianzia wapi. Niliona Dinah analia na kuruka wakati mmoja. Mimi nililia bila kuruka, bado nimeikazia macho dari.

Jumamosi, 18 Desemba

Mashine inanguruma njia panda. Gunia lililowachosha kutwa nzima sasa linaisha kabla chai haijachemka, na wanawake wanasimama kuitazama hata wakiwa hawana mahindi. Mzee Wabwile amejipa kazi ya kulishika gunia mdomoni na hataki mtu ampokee.

Leo wazee wa pande zote mbili walikaa. Baba zangu wadogo walileta kondoo na blanketi, upande wa Dinah wakaleta kuku na sufuria mpya, wakasema hawa wawili wameongea mbele ya Kitale nzima, kuendelea kujificha ni kuchekesha watu. Desturi inayo njia yake ya kufungua mlango, na leo wameufungua. Tukasimamishwa uani. Mama akatoka jikoni kwa miguu yake, mchana kweupe. Ni mwembamba, ana mwanya, na ana macho ya Dinah. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akanipima toka juu hadi chini.

"Kumbe wewe ni mfupi hivi?" akasema. "Na vile sauti ni kubwa!"

Boma zima lilianguka kwa kicheko, na Nekesa akacheka kuliko wote bila kujua anacheka nini. Sijawahi kufurahi kutukanwa namna hii.

Kumwita, nitaendelea kumwita Mama. Lakini kuandika, sasa nina ruhusa, na nimengoja msimu mzima kuiandika sentensi hii. Nanjala ni jina wanalopewa wasichana waliozaliwa wakati wa njaa. Peris Nanjala alijenga ghala.